Teolojia ya kiliberali na uongozi wa kanisa: maswali yanayoulizwa kila siku

Tangu Oktoba 2025 Uingereza ilipotangaza Askofu Mkuu mpya wa Canterbury, kiti cha juu cha Waanglikana, na wiki mbili baadae GAFCON, umoja wa Waanglikana wahafidhina duniani, wakatoa tamko lao la kuachana na Canterbury, watu wanauliza maswali yaleyale kila baada ya ibada, kwenye fellowship, hata msibani. Nimeyakusanya hapa. Mimi ni Mwanglikana mlei, Mtanzania, na msimamo wangu ni wa kihafidhina, nasema mapema ili usije ukadhani nimekaa katikati. Ila nitajitahidi nisimsingizie mtu.

Hivi teolojia ya kiliberali ni kitu gani hasa? Ni kupiga magitaa kanisani?

Hapana bwana. Magitaa, suruali, kupiga makofi, hayo ni mambo ya desturi, na kuna makanisa ya kinanda na kanzu ndefu ambayo mahubiri yake yameshamaliza kuikana Kanuni ya Imani siku nyingi.

Ilianzia Ujerumani. Mwaka 1799 mwanateolojia Schleiermacher aliwaandikia wasomi waliokuwa wanaidharau dini, akataka kuwaonyesha kwamba dini si mafundisho wala sheria, ni hisia iliyo ndani ya mtu. Nia yake ilikuwa nzuri, alitaka kuiokoa imani isichekwe. Mwaka 1900 Harnack huko Berlin akaibakisha injili kuwa ubaba wa Mungu na thamani ya roho ya mwanadamu, basi. Alafu 1941 Bultmann akasema mtu anayetumia umeme na redio hawezi tena kuamini ulimwengu wa roho na miujiza ya Agano Jipya, kwahiyo lazima tuitafsiri upya. Sasa mimi hapa huwa nacheka kidogo, maana huku kwetu mtu anatuma hela kwa simu asubuhi na jioni anaenda kuombewa mapepo yatoke wala haoni kama kuna mgongano wowote.

Kwa ufupi, swali lenyewe ni nani ana neno la mwisho. Mhafidhina anasema ni Maandiko, na akili zetu na uzoefu wetu vinapimwa hapo. Mliberali anasema uzoefu wa mwanadamu wa leo nao una kura, na mara nyingi kura hiyo ndo inashinda.

Si mseme tu ukweli, hii yote ni ishu ya mashoga?

Hapo ndo ilipopasukia, lakini ufa ulikuwepo zamani.

Chukua David Jenkins. Mwaka 1984 aliteuliwa kuwa Askofu wa Durham, na kabla hata hajawekwa wakfu akawa ameshahoji kwenye televisheni habari za Yesu kuzaliwa na bikira na habari za ufufuo. Watu wakaandika barua kupinga, haikusaidia, akawekwa wakfu York Minster, kanisa kuu la York, tarehe 6 Julai. Siku tatu baadae radi ikapiga kanisa hilohilo na sehemu yake ikaungua. Wapo wanaoisimulia mpaka leo kama hukumu ya Mungu, mimi siitumii kama hoja kwasababu radi inapiga makanisa ya watu wema pia. Kinachonitisha mimi si radi, ni kwamba mtu alitamka wazi anachofikiri kuhusu mambo yaliyo kwenye Kanuni ya Imani na bado hakuna chombo chochote cha kanisa kilichoweza kusema subiri kwanza.

Au askofu John Shelby Spong wa Newark kule Marekani, yeye alikana kabisa ufufuo wa mwili, na mwaka 1998 akatoa hoja zake 12, ya kwanza ikisema namna ya kumuelewa Mungu tuliyoizoea imekufa. Alistaafu kwa heshima zake zote mwaka 2000. Na mwaka huohuo 1998 alisema Wakristo wa Afrika wametoka kwenye kuabudu mizimu wakaingia kwenye Ukristo uliojaa ushirikina. Hebu fikiria, anayejiita mpana wa mawazo ndo anaongea hivyo.

Kwahiyo mtu akikwambia kelele zilianza na jinsia moja, muulize ufufuo ulikanwa mwaka gani na nani aliwajibishwa.

Kwahiyo hili ni jambo la juzi, la Wamarekani, sisi tumedandia tu?

Hili swali ndo nalipenda kuliko yote kwasababu jibu lipo Zanzibar.

Nenda Mkunazini, kanisa kuu la Kristo, lile lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Askofu wa pale kuanzia 1908 mpaka alipofariki 1924 alikuwa Frank Weston, Mwingereza wa UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka vyuo vikuu vya Uingereza, na dayosisi yake ilifika mpaka bara. Mwaka 1913 kulikuwa na mkutano wa wamisheni Kikuyu, karibu na Nairobi, wa kutafuta umoja wa makanisa ya Kiprotestanti, ukaisha kwa Waanglikana na wasio Waanglikana kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Weston akawaka. Akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitaka askofu wa Mombasa na wa Uganda washtakiwe kwa uzushi. Hapo mimi siko upande wake, wale ndugu wa Kikuyu walikuwa wanaamini Biblia vizuri tu.

Lakini kwenye barua yake ya wazi ya mwaka huo kulikuwa na lalamiko la pili ambalo watu wanalisahau. Kulikuwa na wasomi wa Oxford waliotoa kitabu mwaka 1912, mhariri wake akiwa B. H. Streeter, na Weston akauliza, hivi kanisa mama linawavumilia wanaotilia shaka misingi ya imani wakati sisi huku tunawafundisha watu misingi hiyohiyo na wanaitegemea kufa na kupona? Mwaka 1915 askofu wa Hereford alipompa Streeter cheo kwenye kanisa lake kuu, Weston akatangaza kwamba Zanzibar haina tena ushirika na askofu huyo.

Soma tena mwaka. 1915. Zaidi ya miaka 90 kabla GAFCON haijazaliwa, askofu wa pwani ya Afrika Mashariki alikata ushirika na askofu wa Uingereza kwasababu ya uteuzi mmoja wa kiongozi mwenye teolojia ya kiliberali. Kweli alikuwa mzungu, lakini hoja yake ilikuwa ya Wakristo wa huku, na hakuna Mmarekani mwenye hela aliyemtuma.

Na kwa wale wanaosema wahafidhina hawajali wanyonge, huyuhuyu Weston mwaka 1920 aliandika kijitabu cha kuwashambulia wakoloni wa nchi yake kwa kazi za kulazimishwa Afrika Mashariki, na 1923 huko London akawaambia wenzake wa mrengo wake, Waanglikana wenye ibada za Kikatoliki, kwamba huwezi kudai unamwabudu Yesu kwenye sakramenti wakati humuonei huruma Yesu aliye kwenye vibanda vya maskini.

Sasa uliberali unaingiaje mpaka kwenye viti vya juu? Si kuna sinodi?

Mara nyingi hauingii kwa kura ya "jamani tuache Biblia". Hakuna sinodi itapitisha hiyo.

Unaingia kwanza chuoni. Anayefundisha wachungaji leo ndo anafundisha usharika wako miaka kumi ijayo, na mwanafunzi anatoka na digrii akiwa amejifunza jinsi ya kuhoji kila andiko lakini hajafundishwa jinsi ya kuliamini. Mwaka 1923 Machen, mwalimu wa chuo cha Princeton Marekani, aliandika kwamba Ukristo na uliberali ni dini mbili tofauti, na 1929 chuo chake kilipopangwa upya akaondoka kwenda kuanzisha chuo cha Westminster kule Philadelphia. Aliona vita iko darasani.

Pili ni kamati za uteuzi, na hapa watu wengi wanasinzia maana kamati hazina msisimko. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani walilielewa hili. Vyuo vyao vilikuwa vinasemekana vinateleza, basi wahafidhina wakapiga hesabu: rais wa umoja anateua kamati, kamati ile inapendekeza kamati nyingine, na hiyo ndo inapendekeza wajumbe wa bodi za vyuo. Mwaka 1979 kule Houston wakamchagua Adrian Rogers, wakaendelea kuchagua wa msimamo huohuo mwaka baada ya mwaka mpaka bodi zikabadilika, na 1993 Al Mohler akawa mkuu wa chuo chao kikongwe akiwa na miaka 33. Njia walizotumia ziliwaumiza wengi na unaweza usizipende, ila ni mfano adimu wa kanisa kubwa kurudi nyuma, na ulipitia kwenye kamati.

Kwa Canterbury, jina linatoka kwenye tume ya uteuzi, linaenda kwa Waziri Mkuu, alafu Mfalme anateua. Kwa mara hii ya mwisho Ushirika wa Anglikana duniani ulipewa nafasi tano kwenye ile tume, zamani ilikuwa moja. Ni hatua, sawa, lakini tano hawawezi kuwazidi wa Uingereza, na ukumbuke Waanglikana wengi wanaoingia kanisani Jumapili leo wako Afrika.

Tatu ni lugha. Hii ndo ya hatari kuliko zote. Kiongozi hakani kitu, anasema tu "tuendelee kutembea pamoja", "tusikilizane", "hili ni fumbo", na fundisho linabaki kwenye karatasi huku utekelezaji unabadilika. Kanisa la Uingereza linasema mafundisho yake ya ndoa hayajabadilika, mume na mke, hapohapo Desemba 2023 sala za kubariki wapenzi wa jinsia moja zikaanza kutumika. Mtu wa kawaida anauliza, sasa kama mafundisho hayajabadilika hizo baraka ni za nini?

Nipe historia ya mgogoro wa Waanglikana kwa kifupi, nimechanganyikiwa na miaka.

Mkutano wa Lambeth 1998, ule wa maaskofu wa Anglikana duniani, maaskofu wakapitisha azimio 1.10, kura 526 kwa 70, kwamba ndoa ni ya mume na mke na mahusiano ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Novemba 2003 Marekani wakamweka wakfu Gene Robinson, aliyekuwa anaishi na mwanaume mwenzake, kuwa askofu New Hampshire. Februari 2007 maaskofu wakuu wakakutana Dar es Salaam, wengine wakakataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja na kiongozi wa kanisa la Marekani, na Marekani wakapewa mpaka 30 Septemba wajirekebishe. Septemba ikapita. Mwaka huohuo Kenya na Uganda wakaweka wakfu maaskofu wa kuwahudumia Wamarekani wahafidhina, Rwanda walishafanya hivyo tangu 2000. Juni 2008 GAFCON ya kwanza Yerusalemu, ya pili Nairobi 2013.

Alafu Februari 2023 Sinodi Kuu ya Uingereza ikaunga mkono zile sala. Angalia kura: maaskofu 36 kwa 4, makasisi 111 kwa 85, walei 103 kwa 92. Yani kwa maaskofu upinzani karibu haupo, lakini ukishuka chini kwa makasisi na walei kanisa limegawanyika karibu nusu kwa nusu. Hiyo ndo picha ya uongozi kutangulia mbali na waumini wake, na ndo maana nasema tatizo ni uteuzi. Siku chache baadae maaskofu wakuu wa nchi za Kusini mwa dunia wakasema hawamtambui tena Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, kama wa kwanza kati ya walio sawa, na Aprili GAFCON ikakutana Kigali, wajumbe 1,302 kutoka nchi 52.

Oktoba 2025 akatangazwa Sarah Mullally kumrithi Welby Canterbury. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, mwenyekiti wa GAFCON, akatangaza kwamba wanaupanga upya Ushirika wa Anglikana msingi ukiwa Biblia, bila Canterbury, bila Lambeth. Cha kushangaza, siku zilezile maaskofu wa Uingereza walikuwa wamepunguza mwendo, wakasema ibada maalum za kubariki zitahitaji theluthi mbili kwenye kila baraza la sinodi. Kwa kura zile za 2023 hesabu unaiona mwenyewe.

Kelele si ni kwasababu ni mwanamke?

Kwa baadhi ndiyo. Tusidanganyane. Lakini Kenya iko GAFCON na tangu 2021 ina maaskofu wanawake, Emily Onyango wa Bondo na Rose Okeno wa Butere. Uganda ina makasisi wanawake. Huku Tanzania inategemea dayosisi, maeneo ya asili ya UMCA yana mtazamo wake na ya asili ya CMS, misheni ya wainjili, kama Dodoma yana wake. Wahafidhina wenyewe hawajakubaliana kwenye hili, na wameamua kuishi nalo. Kinachowaunganisha kuhusu mama Mullally, ambaye kabla ya upadri alikuwa nesi mkuu wa serikali kule Uingereza, ni kwamba aliongoza kundi la maaskofu lililoshughulikia hatua zilizozaa zile sala.

Viongozi wetu si wananunuliwa na Wamarekani wenye hela?

Hela ipo pande zote mbili, tuanzie hapo. Wahafidhina wa Marekani wamesaidia mikutano na safari, sikatai. Ila hesabu ya kweli inaonyesha kwamba kukataa uliberali kumegharimu makanisa ya huku. Desemba 2006 maaskofu wa Anglikana Tanzania walisema hawatapokea kwa kujua misaada kutoka kwa dayosisi na watu wa kanisa la Marekani wanaounga mkono mambo yale. Hii ni nchi ambayo hospitali na shule za kanisa zilishazoea misaada hiyo.

Walutheri nao hivyohivyo. Mwaka 2009 kanisa la ELCA la Marekani liliruhusu wachungaji walio kwenye mahusiano ya jinsia moja, na Sweden wakaruhusu ndoa zenyewe kanisani. Januari 2010 maaskofu wa KKKT wakatoa Tamko la Dodoma, wakasema hawakubali, na kwamba wanaounga mkono ndoa hizo hawataalikwa kufanya kazi KKKT, na hela zao wabaki nazo. Ethiopia, Mekane Yesus, wakavunja uhusiano kabisa 2013. Na kabla yao, 2005, askofu Walter Obare wa Walutheri wa Kenya alisafiri mpaka Göteborg kumweka wakfu askofu wa Waswidi wahafidhina waliokuwa wamekosa wa kuwawekea wachungaji, ikamgharimu nafasi yake ya ushauri kwenye Shirikisho la Walutheri Duniani.

Kosa la kweli, kwa maoni yangu, liko kwenye utekelezaji. Tamko linasomwa kwa sauti kubwa, alafu mwaka unaofuata mradi wa kisima unakuja kutoka kulekule na hakuna anayeuliza.

Kwani nyie wahafidhina ni wasafi?

Hapana, na hapa wenzangu wengi wanakasirika nikisema. Justin Welby alijiuzulu Novemba 2024, na haikuwa kwasababu ya zile sala, ilikuwa kwasababu ya kesi ya John Smyth, mwanasheria aliyewapiga na kuwadhalilisha vijana kwenye mazingira ya kambi za Kikristo Uingereza, akahamia Zimbabwe akaendelea. Zile kambi hazikuwa za waliberali. Zilikuwa za wainjili, watu wa Biblia, na wapo waliojua tangu miaka ya 80 wakanyamaza ili kazi ya injili isiharibike. Mafundisho sahihi peke yake hayamlindi mtoto.

Na azimio 1.10 tunalolishika mkononi, wengi hawajalisoma lote. Limeahidi pia kuwasikiliza wenye mvuto wa jinsia moja, limesema wanapendwa na Mungu, limelaani woga usio na sababu dhidi yao. Sasa ukisimama madhabahuni ukashangilia watu kupigwa mtaani, nawe umelivunja azimio, umelivunja kwa mlango mwingine tu.

Injili ya mafanikio pia. Tunamkamia Askofu wa Canterbury huku mafuta ya upako yanauzwa mtaa wa pili na viongozi wetu wanaalikwa kwenye uzinduzi wake. Hilo nalo ni kuliweka neno la mtu juu ya Maandiko, ila kwa vile halitoki Ulaya tunaliona la nyumbani.

Wakatoliki na Wamethodisti wao salama?

Desemba 2023 Roma ilitoa hati ya Fiducia Supplicans kuruhusu baraka fulani kwa walio kwenye mahusiano hayo, Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa kwa niaba ya maaskofu wa Afrika akasema makanisa ya huku hayatafanya. Wamethodisti wa United Methodist waliondoa makatazo yao mwaka 2024 kule Charlotte, baada ya maelfu ya makanisa ya Marekani kuwa yameshaondoka. Kila nyumba ina yake.

Mhafidhina si ni mtu anayeogopa elimu tu?

Weston alisoma Oxford akapata daraja la kwanza. Tuendelee.

Mimi ni mlei wa kawaida, hizi habari za Canterbury zinanihusu nini?

Zinakuhusu kidogo sana upande wa Canterbury, zinakuhusu sana upande wa dayosisi yako. Wajumbe wa sinodi yenu wanachaguliwa kwenye mtaa na parokia yako, na mara nyingi nafasi inaenda kwa yule asiyejua kukataa, au mwenye gari. Wajumbe hao ndo wana sauti kwenye kumpata askofu. Kwahiyo uchaguzi ukifika nenda, usiache kwa wazee watatu. Kuna maswali ambayo mtu anayetaka kura yako anapaswa kuyajibu bila kuzunguka: unaamini kaburi lilikuwa tupu? Ibara ya 20 ya zile Ibara 39 za imani ya Kianglikana inasema kanisa haliruhusiwi kuamuru kitu kilicho kinyume na Neno la Mungu lililoandikwa, wewe unaikubali? Vijana wetu unawapeleka chuo gani na nani anafundisha pale? Mradi ukija na masharti utatuambia walei au tutasikia kwa watu?

Akikujibu kwamba hayo ni maswali ya kitaalamu, ya wachungaji, muulize tena taratibu. Na ukiwa na muda omba kuona taarifa ya fedha ya mwaka uliopita, misaada ya nje inaandikwa mle, jina la mtoaji na kiasi.